Je, vifaa vya usalama hutuongezea ujasiri wa hatari? Tunachojua kutoka barabarani na viwanjani

Kofia ngumu, mkanda wa kiti na breki za kisasa vimeokoa maisha ya watu wengi. Hata hivyo, kwa takriban miaka 50 sasa watafiti wamekuwa wakiuliza swali linalomhusu kila dereva, mwanamichezo na mzazi: mtu akijiona amekingwa, je, haanzi kujiachia? Katika makala haya tunaeleza swali hilo lilikotoka, majaribio yaliyofanywa barabarani na viwanjani, na kwa nini jibu lake si kuvua kofia.

Hoja tunayoisikia mara kwa mara

Kila tunapozungumzia usalama barabarani katika kipindi cha asubuhi, huingia simu za aina mbili. Kuna abiria au mzazi anayelalamika kwamba waendesha bodaboda hawavai kofia ngumu. Halafu kuna mwendeshaji mwenyewe, naye husema: "Hiyo helmeti ndiyo inayowatia watu kiburi. Mimi nikiwa kichwa wazi naendesha kwa adabu."

Ni rahisi kumcheka huyu wa pili, lakini hoja yake imejadiliwa vyuo vikuu na kupimwa kwa majaribio. Ina chembe ya ukweli. Tatizo ni kwamba chembe hiyo ni ndogo kuliko anavyodhani, na hitimisho analolitoa si lile ambalo ushahidi unalitoa.

Wazo lenyewe: kufidia hatari

Wataalamu huliita jambo hili kufidia hatari. Maana yake ni kwamba mtu akipunguziwa hatari upande mmoja, huenda akaiongeza upande mwingine, mara nyingi bila kujua. Dereva aliyepewa breki nzuri anakwenda kasi zaidi. Mchezaji aliyepewa kofia anaingia kwa kichwa mahali ambapo zamani angeingia kwa bega.

Mwaka 1975 mchumi Sam Peltzman wa Chuo Kikuu cha Chicago alichapisha utafiti uliozua ubishi mkubwa. Alichunguza kanuni za usalama wa magari zilizoanza kutumika Marekani katika miaka ya 1960, zikiwamo mikanda na dashibodi zenye sponji. Alidai kwamba faida yote ya kanuni hizo ilikuwa imeliwa na uendeshaji wa hatari zaidi, na kwamba sehemu ya madhara ilikuwa imehama kutoka kwa waliomo ndani ya gari kwenda kwa waenda kwa miguu.

Miaka michache baadaye, mwanasaikolojia Gerald Wilde wa Chuo Kikuu cha Queen's nchini Kanada alikwenda mbali zaidi. Alisema kila mtu ana kiwango chake cha hatari anachokikubali. Ili kumwelewa, fikiria pasi ya umeme: ikipata moto kupita kiasi inajizima, ikipoa inajiwasha, na joto linabaki palepale. Kwa Wilde, binadamu naye hufanya hivyo. Akihisi hatari imezidi anapunguza mwendo, akihisi imepungua anakanyaga mafuta.

Mfano mmoja aliopenda kuutumia ni wa Sweden. Tarehe 3 Septemba 1967 nchi hiyo ilihamisha magari yote kutoka upande wa kushoto wa barabara kwenda kulia. Wengi walitarajia ajali kuongezeka. Kinyume chake, zilipungua. Madereva walikuwa na woga, hivyo wakaendesha kwa macho mawili. Baada ya takriban miaka miwili walizoea, na ajali zikarudi katika hali ya kawaida. Dereva wa lori anayevuka mpaka pale Rusumo kutoka Tanzania kuingia Rwanda, ambako upande wa barabara hubadilika, anaijua hali hiyo ya kilomita za kwanza: mikono imeshika usukani sawasawa na redio imepunguzwa sauti.

Anayepita Kitonga mkoani Iringa anaijua pia. Mlimani, dereva anaona bonde kwa macho yake na anateremka na gia nzito. Akifika kwenye tambarare iliyonyooka na lami safi, mguu unalegea na mwendo unapanda. Barabara imekuwa salama zaidi, lakini tahadhari yake imebaki kule mlimani.

Teksi za Munich

Utafiti unaotajwa zaidi katika mjadala huu ulifanyika Munich, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakati huo breki za ABS zilikuwa mpya. Breki hizi huzuia magurudumu yasijifunge dereva anapokanyaga ghafla, hivyo gari linaendelea kutii usukani badala ya kuserereka. Kiufundi hakuna ubishi kwamba zinasaidia.

Kampuni moja ya teksi iliweka breki hizo katika sehemu ya magari yake na kuyaacha mengine na breki za kawaida. Madereva waligawiwa magari bila kuchagua, na ajali zikahesabiwa kwa miaka mitatu. Matarajio yalikuwa kwamba magari yenye ABS yangepata ajali chache. Haikuwa hivyo. Makundi yote mawili yalipata ajali kwa kiwango kinachokaribiana.

Ili kujua sababu, watafiti waliwapandisha waangalizi ndani ya teksi kama abiria wa kawaida. Madereva hawakujua kwamba wanaangaliwa. Waangalizi hao waliona kwamba wenye ABS walikata kona kwa ukali zaidi, hawakushika vizuri njia yao, na walipishana na magari mengine kwa namna ya hatari zaidi. Breki zilikuwa bora, lakini madereva walikuwa wameshaitumia faida yake kabla ya kuihitaji.

Kuna sehemu ya pili ya kisa hiki isiyotajwa sana. Baadaye kampuni iliamua kwamba dereva atachangia gharama za kutengeneza gari akipata ajali, na kwamba mwenye rekodi mbaya anaweza kufukuzwa kazi. Ajali zikapungua. Tutairudia hoja hii, kwa sababu ndiyo yenye dawa.

Kofia iliyogeuka silaha

Katika michezo, mfano mzito zaidi unatoka katika mpira wa miguu wa Kimarekani, ule wa kubeba mpira na kugongana. Mwanzoni wachezaji walicheza kichwa wazi, kisha wakavaa kofia za ngozi. Kofia za plastiki ngumu zilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1930, na mwaka 1943 ligi kuu ya NFL iliifanya kofia kuwa lazima.

Kofia zilipoimarika, mafuvu yaliyopasuka yalipungua. Lakini jambo jingine likaanza. Mchezaji ambaye kichwa hakimuumi alijifunza kukitumia kama mkuki. Makocha nao walifundisha vijana kumwingilia mpinzani kwa kutanguliza kofia. Kichwa kilikingwa, shingo haikukingwa. Katika miaka ya 1970 madaktari, akiwamo Joseph Torg, waliona vijana wengi wakivunjika shingo na kupooza mikono na miguu.

Hakuna aliyependekeza kurudi kucheza kichwa wazi. Mwaka 1976 kanuni za vyuo na sekondari zilibadilishwa, na kumgonga mpinzani kwa kutanguliza kofia kukapigwa marufuku. Ndani ya miaka michache idadi ya waliopooza ilishuka kwa zaidi ya nusu. Kofia ilibaki ileile. Kilichobadilika ni sheria ya mchezo.

Tatizo moja lilibaki. Kofia ngumu huzuia fuvu kupasuka, lakini haiwezi kuuzuia ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Mwaka 2002 daktari mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu, alichunguza ubongo wa mchezaji wa zamani Mike Webster na kukuta madhara ya kugongwa mara nyingi kwa miaka mingi. Webster alikuwa amecheza na kofia maisha yake yote.

Ulingoni: glovu na kinga ya kichwa

Mashabiki wengi wa ndondi huamini kwamba glovu zipo ili kumlinda anayepigwa. Kwa kweli zinamlinda zaidi anayepiga. Mkono wa mtu una mifupa midogo mingi, na zamani bondia wa ngumi kavu aliogopa kumpiga mwenzake kichwani kwa nguvu kwa sababu angevunjika vidole. Kanuni za Queensberry za mwaka 1867 zilipoweka glovu, kichwa kikawa shabaha inayoweza kupigwa tena na tena.

Kinga ya kichwa nayo ina historia yake. Ilianza kuvaliwa katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Mwaka 2013 chama cha kimataifa cha ndondi za ridhaa cha wakati huo, AIBA, kiliwaondolea wanaume kinga hiyo, na katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 wakapanda ulingoni bila kinga kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980. Sababu waliyoitoa ni kwamba takwimu zao zilionyesha mitikisiko ya ubongo ikipungua pale kinga isipovaliwa. Walieleza kwamba kinga humziba bondia asione ngumi ya pembeni, hufanya kichwa kiwe kikubwa zaidi kulengwa, na humpa moyo wa kusogea na kupokea.

Uamuzi huo haukukubaliwa na kila daktari. Bila kinga, michaniko usoni iliongezeka, jambo ambalo hakuna anayelipinga. Tunautaja kwa sababu unaonyesha kwamba kifaa kimoja kinaweza kuzuia jeraha moja na kufungulia mlango jingine. Kocha wa vijana anayewavalisha kinga halafu akawaruhusu wapigane kwa nguvu zote kila jioni mazoezini hajawalinda.

Mbio za magari

Tarehe 18 Februari 2001 dereva maarufu wa mbio za NASCAR, Dale Earnhardt, alifariki katika mashindano ya Daytona 500. Mwaka huohuo waandaaji waliamuru madereva wote wavae kifaa kinachoshikilia kichwa na shingo wakati gari linapogonga. Baadaye kuta za viwanja ziliwekwa vizuizi vinavyobonyea, na magari yakaundwa upya.

Wachumi Russell Sobel na Todd Nesbit walichunguza mbio hizo na mwaka 2007 wakachapisha walichokiona: magari yalipokuwa salama zaidi, madereva waliendesha kwa papara zaidi. Lakini tazama upande wa pili. Katika miaka zaidi ya 20 iliyofuata kifo cha Earnhardt, hakuna dereva mwingine aliyefariki katika mashindano ya ngazi ya juu ya NASCAR. Madereva walikula sehemu ya usalama waliopewa, hawakuumaliza wote.

Baiskeli: unavyoonekana na wengine

Kufidia hatari hakufanywi na mvaaji peke yake. Mwaka 2006 mwanasaikolojia Ian Walker wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alifunga kifaa cha kupima umbali kwenye baiskeli yake na kuendesha barabarani, wakati mwingine akiwa na kofia, wakati mwingine kichwa wazi. Alipima magari zaidi ya 2,300 yaliyompita. Alipovaa kofia, yalimpita karibu zaidi kwa wastani wa sentimita 8.5. Maelezo yake ni kwamba madereva walimwona mwenye kofia kuwa mzoefu na aliyejikinga, hivyo hawakuona haja ya kumpa nafasi kubwa.

Miaka kumi baadaye, Walker na mwenzake Tim Gamble waliwaita watu 80 kucheza mchezo wa kompyuta wa kujaza puto upepo. Kadiri unavyojaza ndivyo unavyopata alama, lakini puto likipasuka unapoteza. Nusu yao walivaa kofia ya baiskeli, nusu kapelo, na wote waliambiwa kwamba kazi yake ni kushikilia kifaa cha kufuatilia macho. Kofia haikuwa na msaada wowote katika mchezo huo. Hata hivyo, waliovaa kofia walithubutu zaidi.

Matokeo haya yamepingwa. Watafiti wengine waliozipitia upya takwimu za magari yale walisema tofauti ilikuwa ndogo mno kuleta ajali, na si kila aliyefanya jaribio la aina ya puto amepata matokeo yaleyale. Kwa hiyo tusizichukue sentimita 8.5 kama sababu ya kutupa kofia.

Watoto nao

Nchini Kanada, mtafiti Barbara Morrongiello wa Chuo Kikuu cha Guelph aliwapitisha watoto wa miaka 7 hadi 12 katika njia yenye vikwazo, mara moja wakiwa na vifaa vya kujikinga na mara nyingine bila vifaa. Walipovaa vifaa walikimbia kwa kasi zaidi, wakajikwaa na kujigonga zaidi. Katika utafiti mwingine aliona kwamba wazazi pia huwaruhusu watoto mambo ya hatari zaidi wanapowaona wamevaa kinga. Mzazi anayemnunulia mtoto baiskeli na kofia anapaswa kujua hilo. Wote wawili, mtoto na mzazi, wanaweza kulegea siku hiyohiyo.

Basi, tuvue?

Hapana. Hapa ndipo hoja ya mpiga simu wetu inapoishia.

Mapitio ya tafiti nyingi za pikipiki kutoka nchi mbalimbali, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionyesha kwamba kwa mtu aliyepata ajali, kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Mkanda wa usalama, uliobuniwa katika muundo wa sasa na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959, hupunguza vifo vya wanaokaa viti vya mbele kwa karibu nusu.

Vipi kuhusu dai la Peltzman kwamba faida yote huliwa? Wachumi Alma Cohen na Liran Einav walipitia takwimu za majimbo ya Marekani kuanzia mwaka 1983 hadi 1997, kipindi ambacho sheria za mikanda zilikuwa zikiwekwa. Mwaka 2003 waliripoti kwamba mikanda ilipunguza vifo, na hawakuona ushahidi wa maana kwamba madereva waliofunga mikanda walianza kuendesha vibaya. Leo watafiti wengi wanakubali kwamba kufidia hatari kupo, kwamba mara nyingi hula sehemu tu ya faida, na kwamba ukubwa wa sehemu hiyo hutofautiana kati ya kifaa na kifaa.

Kwa nini hutofautiana? Mwaka 2000 mtaalamu wa usalama wa Marekani, James Hedlund, alifupisha jibu katika mambo manne. Tunayaweka hapa kwa maneno yetu:

- Je, najua kwamba kifaa kipo?
- Je, kinanigusa, yaani kinabadilisha ninavyojisikia?
- Je, nina sababu ya kubadilisha mwenendo wangu?
- Je, nina uhuru wa kuubadilisha?

Chukua mfumo wa ESC, ambao hushika breki za gurudumu mojamoja gari linapoanza kuserereka. Dereva wengi hawajui hata kama gari lao linao. Hauonekani, hausikiki, na hauongezi raha ya mwendo. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba hupunguza kwa takriban nusu ajali za vifo zinazohusisha gari moja. ABS, ambayo dereva anaijua na kuihisi mguuni, haikuleta faida kubwa kama hiyo.

Sasa yapime maswali hayo manne kwa mwendesha bodaboda. Kofia anaijua, ipo kichwani. Inamgusa, kwa joto na kwa kupunguza kelele za upepo. Uhuru wa kuchagua mwendo anao. Linabaki swali la tatu: ana sababu ya kukimbia? Kwa wengi jibu ni ndiyo, nayo inaitwa hesabu. Kijana anayetakiwa kumpelekea tajiri hesabu kila jioni ana sababu ya kuharakisha akiwa na kofia, na anayo hata akiwa kichwa wazi. Kumvua kofia hakumwondolei hesabu. Kunamwondolea tu kinga siku atakapoanguka.

Hesabu ya mwendo

Tunaweza kuona kwa tarakimu jinsi faida inavyoweza kuliwa. Shirika la Afya Duniani hutumia kanuni kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kifo huongezeka kwa takriban asilimia 4. Tuchukue mwendeshaji anayekwenda kilomita 50 kwa saa. Kofia imempunguzia uwezekano wa kufa kwa asilimia 42. Je, aongeze mwendo kiasi gani ili hatari irudi ilipokuwa? Kwa kanuni hiyo, takriban asilimia 15. Yaani kutoka kilomita 50 kufika 57 kwa saa.

Huu ni mfano wa kukadiria, na hatusemi kwamba wanaovaa kofia huongeza mwendo kiasi hicho. Tunachosema ni kwamba kilomita 7 kwa saa ni kitu kidogo. Ni kubonyeza mkono wa mafuta kidogo tu. Anayevaa kofia na kubaki kwenye 50 ameweka faida yote mfukoni. Anayevaa na kwenda 57 ameitumia yote, na akifika 65 anadaiwa.

Gharama inamwangukia nani?

Hapa pana jambo ambalo mara nyingi husahaulika. Mwenye kifaa na anayeumia si lazima wawe mtu mmoja.

Mkanda unamlinda dereva. Kasi anayoiongeza kwa sababu amefunga mkanda inampata pia mwanafunzi anayevuka barabara, ambaye hana mkanda wala mfuko wa hewa. Kofia ya mwendesha bodaboda inalinda kichwa chake. Kasi yake inambeba na abiria wa nyuma, ambaye mara nyingi hana kofia kabisa. Mchezaji wa Kimarekani aliyetanguliza kofia alijihatarisha shingo, lakini alimhatarisha na mwenzake.

Kwa hiyo hata kama tungekubali kwamba kila mtu ana haki ya kuchagua hatari yake, hapa anachagua na ya wengine. Kila mwaka takriban watu milioni 1.19 hufa katika ajali za barabarani duniani, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki. Hao ndio wenye kinga ndogo.

Kilichosaidia penginepo

Turudi Munich. Kilichopunguza ajali za teksi ni dereva kubeba sehemu ya gharama. Katika mpira wa Kimarekani ni kanuni iliyokataza matumizi mabaya ya kofia. Katika visa vyote viwili kifaa kilibaki, na kikaongezwa kitu cha kumzuia mtumiaji asiile faida.

Kenya ilijaribu njia inayofanana. Kanuni zilizotangazwa mwaka 2003 na Waziri wa Uchukuzi John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliamuru matatu zifungwe mikanda na pia vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Vitu hivyo viwili viliwekwa pamoja kwa busara: mkanda ulimkinga abiria, na kidhibiti kilimnyima dereva nafasi ya kuigeuza kinga hiyo kuwa kasi. Udhaifu wake ulijitokeza baadaye, vidhibiti vilipochezewa na usimamizi kulegea.

Jaribio jingine la Kenya lilitumia mdomo wa abiria. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walibandika stika ndani ya matatu zilizochaguliwa bila upendeleo, zikiwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha vibaya. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2011 yalionyesha kwamba madai ya bima katika magari yenye stika yalishuka kwa karibu nusu. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa kampeni ya Zusha. Stika haimkingi mtu na chochote. Inamkumbusha tu dereva kwamba kuna watu nyuma yake wanaoona.

Unachoweza kufanya

Kwa dereva wa gari: funga mkanda, kisha tazama kipima mwendo kana kwamba hukufunga. Ukibadilisha gari na kupata lenye breki bora, acha umbali uleule uliokuwa ukiuacha na gari la zamani.

Kwa mwendesha bodaboda: vaa kofia inayokubana sawasawa na ufunge mkanda wake kidevuni. Kofia iliyokaa juu ya kichwa bila kufungwa inakupa ujasiri bila kukupa kinga. Ya abiria iwe nzima kama yako.

Kwa mmiliki wa pikipiki au daladala: kabla ya kulaumu mwendo wa kijana wako, itazame hesabu uliyompangia na saa anazohitaji kuipata.

Kwa kocha: siku ya kwanza ya mazoezi fundisha ufundi bila vifaa na bila nguvu. Kinga ije baadaye, na mwanafunzi aambiwe wazi inazuia nini na haizuii nini.

Kwa mzazi: mtoto akivaa kofia, mipaka ya kuendesha ibaki palepale. Kama jana hakuruhusiwa kushuka mlima kwa baiskeli, kofia mpya haimpi ruhusa hiyo leo.

Kwa abiria: sema. Ukiona mwendo umezidi, mwambie dereva au konda mapema, kwa heshima na kwa sauti inayosikika. Mara nyingi akianza mmoja, wengine ndani ya gari huunga mkono.

Watu husema ajali haina kinga. Tafiti tulizozieleza zinaonyesha kwamba kinga ipo, ila mvaaji anaweza kuitumia vibaya kabla haijamfaa. Mada hii tutaiendeleza katika kipindi cha asubuhi, ambapo waendesha bodaboda na abiria watapata nafasi ya kujibizana moja kwa moja.